Boti ya faiba ya futi 28 kwa sangara na dagaa hapa Mwanza, inafaa au urembo tu?

Kila nikishuka mwaloni Kirumba, pale soko la samaki, lazima mtu aniulize ile boti nyeupe vipi, inalipa au ni urembo tu, na mimi nimechoka kujibu kipande kipande, kwaiyo naandika yote hapa, anayetaka kununua asome na anayetaka kubisha abishe.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 28, upana katikati unagusa futi 6 na nusu, nyuma imekatwa bapa kwa ajili ya mashine. Imetengenezwa kwenye karakana moja hapa hapa Mwanza, jina silitaji na huko mbele mtaelewa kwanini. Tunatokea Igombe, kazi yake kubwa ni makila ya sangara, yani nyavu za kutega, migonzo kidogo, ile kamba ndefu ya ndoano nyingi, na kipindi cha giza usiku usio na mwezi kuna jamaa wanaichukua kwa dagaa. Kabla yake nilikuwa na mtumbwi wa mbao wa urefu ule ule, kwaiyo nalinganisha vitu viwili ambavyo vyote nimevilalia usiku Ziwa Victoria, siongei vya kusimuliwa.

Sasa kwenye kuuziwa boti kuna mchezo mmoja. Wanakupakia, mashine inawashwa, wanakukimbiza mpaka karibu na jiwe la Bismarck, wanakata kona kali, maji yanaruka, unarudi meno nje na mkono uko mfukoni tayari. Ila jiulize mvuvi anakimbia saa ngapi? Wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, basi. Masaa yote yaliyobaki chombo kimesimama au kinaelea taratibu, vijana watatu wameegemea ukingo mmoja wanavuta nyavu iliyolowa, ndani yake kuna sangara, kuna magugumaji, kuna tope, alafu wimbi linakuja ubavuni na giza bado. Boti ya uvuvi unatakiwa uijue ikiwa kwenye hali hiyo, mbio zake utazijua tu baadae.

Kwaiyo kabla sijatoa hata shilingi nilimwambia fundi zima mashine. Tukasimama wanaume wanne upande mmoja, tukainama kama watu wanaovuta nyavu, tukatikisika makusudi. Ikalala kidogo, alafu ikagoma, ukingo ukabaki juu ya maji zaidi ya shubiri moja, tukirudi katikati na yenyewe inarudi bila kuyumba sana. Hapo ndio nikaanza kuongea bei. Ule mtumbwi wangu wa mbao ulikuwa mwembamba chini, ukiegemea upande unalala haraka, mpaka ikawa desturi kijana mmoja anakaa upande wa pili kuweka uzito wakati wenzake wanavuta, yani mtu mzima analipwa mgao kamili kwa kazi ya kukaa. Kwenye hii ya faiba na yeye anavuta. Kwa tajiri, yani mwenye chombo, hiyo ni faida ya kila siku na hakuna mtu anayeiandika kwenye tangazo.

Ila hakuna cha bure. Huo upana na hilo tumbo bapa linaloifanya itulie ikiwa imesimama ndio linaloifanya ipige maji ikikimbia. Ziwa letu ni kubwa, kilomita za mraba elfu 68 na ushee, lakini sio refu kwenda chini, wastani ni kama mita 40 tu, wimbi lake ni fupi na limebanana, halikupi nafasi ya kupumua katikati. Humu ndani kwenye ghuba unaenda raha, ukishatoka nje kuelekea Ukerewe upepo ukiwa wa mbele boti inapiga pa pa pa mpaka kiuno kinauma, mzee mmoja tunayekwenda nae akasema bora arudi kwenye mbao zake kuliko kupigwa makalio na kitu cha kisasa. Mtumbwi wa mbao wenye mkuku mrefu, ule uti wa mgongo wa chini, na mbele iliyochongoka unapasua wimbi, unalowa lakini haukupigi. Fundi mzuri wa faiba anachanganya, mbele anachonga, katikati na nyuma ndio analaza bapa. Hii yangu mbele wangeichonga zaidi, naona walibana mold, yani kalibu, ili itumike na kwa boti za abiria.

Urefu wa ukingo nao watu hawaupimi. Simama ndani juu ya sakafu, ukingo ukikufika chini ya goti siku wimbi likija umeinama unatoka na nyavu yako, ukikufika kiunoni kila sangara unamnyanyua kwa mgongo na akiwa wa kilo 20 na kitu asubuhi hautanyooka. Yangu inafika katikati ya paja, hapo naipa alama zote. Na ukingo wenyewe wameuviringisha vizuri, laini, nyavu inateleza bila kukatika. Ndani ndio shida, waliacha vichwa vya bolti vimejitokeza kwenye mbavu na kwenye kiti cha katikati, nyavu zinanasa humo kila siku, kijana anavuta kwa hasira, macho matatu ya nyavu yamechanika. Tumevifunika kwa vipande vya mpira wa tairi na imekaa sawa, ila kwa hela ile hiyo kazi isingekuwa ya kwangu.

Maji ndani ya chombo hapa nataka nikae kidogo mana ndio yanayoua watu. Mtumbwi wa mbao unavuja, hata uwe mpya, pamba inalegea kwenye maungio, jua likiupiga ukiwa nchi kavu mbao zinasinyaa, ukirudi majini unakumba maji kutoa nje mpaka zivimbe tena, na ukiwa kazini kuna mtu wa kukumba muda wote. Faiba haina maungio, unakumba mvua na yale yanayodondoka kutoka kwenye nyavu basi. Watu wanadhani ubaya wa maji ni uzito, uzito ni nusu tu. Ubaya mkubwa ni kwamba maji yanatembea. Boti ikilala kulia kidogo maji yote yanakimbilia kulia kama uji kwenye sinia, yanaongezea ule mlalo, wimbi la pili likija hairudi. Na dagaa wabichi wana tabia hiyo hiyo, wakiwa wengi ndani ya chombo hawakai kama mzigo wa magunia, wanamiminika. Ndio mana kwa dagaa lazima chombo kigawanywe vyumba kwa mbao za kukingama, kushoto kulia na mbele nyuma, ili kila kundi libaki kwake. Hii boti ilikuja wazi kabisa toka mbele mpaka nyuma, inapendeza kuangalia, nikaweka mbao za kuchomoa kwenye vijia, wakati wa sangara zinatoka, giza likiingia zinarudishwa. Jamaa wa dagaa walilalamika wiki ya kwanza kwamba zinawabana miguu, baadae wakanyamaza.

Kitu kingine ni kuelea ikiwa imejaa maji. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji bado mbao inataka kubaki juu, utazama mpaka kwenye ukingo lakini watu wana kitu cha kushika, japo mashine inavuta nyuma chini. Faiba tupu ikijaa maji inakwenda chini moja kwa moja mana faiba yenyewe ni nzito kuliko maji. Kinachoiokoa ni fomu, ile kama sponji ngumu nyepesi, inayojazwa chini ya sakafu na ndani ya viti. Sasa fomu hauioni, imefunikwa, utajuaje ipo? Dai wakuonyeshe boti ikiwa haijafungwa sakafu, au ifanyiwe jaribio pale pale pwani kwenye maji ya kiunoni, ijazwe maji mpaka ukingo, watu wawili wakae ndani, uone kama inabaki. Mimi nilidai hilo na fundi alinuna, akasema tajiri hauniamini, nikamjibu nakuamini wewe ziwa ndio siliamini. Ikabaki juu. Jirani yangu alinunua kwingine bila kujaribu, alipokuja kutoboa kiti afunge kishikio akakuta ndani hewa tupu. Wote tunakumbuka kivuko MV Nyerere kilivyopinduka pale Ukara Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 200, na ilikuwa karibu kabisa na gati. Maboya ya kuvaa nunua na yavaliwe, sio yakae mbele yamefungwa kwenye nailoni yakisubiri ukaguzi wa TASAC, wale wasimamizi wa vyombo vya majini.

Na usiku ndio ziwa letu lina hasira. Mchana mvua zinajengeka nchi kavu, usiku upepo wa nchi kavu unasukumiana juu ya ziwa na radi zinazaliwa huko huko katikati, saa nane saa tisa hivi wakati wewe umetulia na nyavu zako. TMA, watu wa hali ya hewa, wanatoa utabiri wa ziwa, sikiliza, ila chombo chako lazima kiweze kukabili wimbi mbele bila mashine. Hapa faiba yangu inaniangusha. Ukingo wa juu na upana unashika upepo, mashine ikizima inageuka ubavu yenyewe na kupiga kasia ni mateso, watu wanne mnasukuma na hamuendi popote. Mtumbwi wa mbao ni mwembamba, makasia manne mnafika, au mnasimamisha mlingoti na turubai mnarudi nyumbani mnacheka. Dawa niliyoipata ni nanga nzuri yenye kamba ndefu, nimeifunga mbele kwa kudumu, mashine ikigoma inatupwa na boti inageuka yenyewe kutazama upepo. Kama maji ni marefu mno kwa kamba tunafunga ndoo mbili za plastiki mwisho wa kamba zinavuta maji, inasaidia kweli.

Kwenye mashine nimefunga Yamaha Enduro ya nguvu farasi 15. Ni ya kuchanganya petroli na oili, ina kelele na inakunywa, ila spea zake unazipata mpaka kisiwani, na fundi yeyote wa mwaloni anaifungua macho yamefumbwa. Ina kilo kama 36, kijana mmoja anaibeba begani na kwenda nayo kulala nayo, na mnaojua habari za majambazi wa mashine ziwani mnajua hiyo sio kitu kidogo. Shida ni kwamba kwa boti pana hivi 15 haiinyanyui ikiwa na mzigo, inalima maji tu. Tenki la lita 24 ambalo kwenye mtumbwi wa mbao lilikuwa linaenda na kurudi na linabaki, hapa linarudi linakohoa. Ukiweka 40 inapaa vizuri, ila 40 ni uzito mara mbili, mafuta ndio usiseme, na huko nyuma inakaa chini sana wimbi likikufuata linaingia. Ukisikia mtu anakwambia faiba inaokoa mafuta muulize yeye ana boti nyembamba au pana, mana faiba sio inayookoa, ni umbo.

Magugumaji. Ukipita kwenye ghuba kipindi upepo umeyaleta, propela inafungwa mara moja, na kwenye hii boti nyuma ni bapa na mashine inanyanyuka vizuri, unasafisha ukiwa umekaa. Kwenye zile karua, mitumbwi yenye ncha pande zote mbili, mashine inafungwa pembeni kwenye kipande cha mbao, unaning'inia. Hapo faiba imeshinda.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Ubao wa nyuma unaobeba mashine kwenye boti za faiba kwa ndani ni plaiwudi, imefunikwa. Ikifunikwa vizuri inakaa miaka. Wale jamaa walitoboa matundu ya bolti za mashine na kupachika bila kuziba ile plaiwudi iliyobaki wazi ndani ya tundu, maji yakawa yanaingia kidogo kidogo, miezi ikapita nikaanza kuona mashine inacheza nikikata kona. Nikaishika nikaisukuma juu chini, ubao wote unapumua. Nikapiga simu, ilikuwa na garantii ya mwaka kwa maneno na kwa karatasi, nikaambiwa njoo kesho, kesho bosi amesafiri, keshokutwa garantii haihusu mashine, nikasema sijaleta mashine nimeleta boti, simu ikakatwa. Fundi mwingine wa pale Kirumba ndio aliyeikata, akatoa mbao iliyooza inanuka kabisa, akaweka mpya akajaza resini, na matundu akayatoboa makubwa kwanza, akayajaza resini alafu akatoboa tena katikati yake ili bolti isiguse mbao hata kidogo. Kazi ya siku mbili, mashine haijacheza tena.

Kwaiyo ukienda kununua, ishike mashine juu chini kwa nguvu, na ugonge boti yote kwa sarafu au kipini cha nyundo, sehemu nzima inalia kavu, ukisikia sehemu inalia bubu hapo tabaka zimeachana au kuna maji. Angalia hasa chini mbele na kona za nyuma.

Kuhusu kutengeneza ikiumia, hapo wa mbao bado wananicheka. Mwanza ni mji wa mawe na chini ya maji ni hivyo hivyo, mtumbwi wa mbao ukigonga jiwe fundi yeyote wa kijijini anakata kipande, misumari, pamba, jioni mnaingia kazini. Faiba ikipasuka inataka ikauke kabisa, uisugue, uwe na mati ya faiba, resini na hadna ya kuigandisha, na hivyo vitu viko mjini, ukiwa kambini kisiwani huna kitu. Nimeweka kiboksi chenye vipande vya mati na chupa za resini kwenye boti, na bado mvua ikinyesha hautengenezi. Ila kugonga kwenyewe ni mara chache, wakati mbao kila mwaka lazima uitoe, ubadilishe pamba na zile mbao za chini zilizooza, na mbao nzuri ya mvule siku hizi ni hela, wengi wanapigiliwa pine inakaa misimu michache basi. Bei ya kuanzia faiba ilikuwa karibu mara mbili ya mbao. Wale waliopata boti kwa mikopo ya serikali isiyo na riba wana hesabu yao nyingine, mimi nilitoa mfukoni.

Vitu vidogo vidogo. Sakafu ilikuja inang'aa laini, ute wa samaki ukimwagika ni barafu tupu, nimepaka rangi nikamwagia mchanga mkavu kabla haijakauka, sasa miguu inashika. Kasha la samaki la katikati lina fomu pembeni na barafu inakaa mpaka asubuhi, sangara anafika mwaloni bado amekakamaa na mnunuzi wa kiwanda hakutafutii sababu, hiyo naisifu kwa moyo wote. Ila tundu lake la kutolea maji linamwaga chini ya sakafu badala ya nje, damu na maji ya barafu vinakaa huko vinaoza, harufu yake usiombe, imebidi niunge bomba. Nafasi ya beseni la chambo hakuna kabisa, watu wa migonzo mnajua wale mumi wadogo, kambale wa chambo, lazima wafike hai, beseni likikaa njiani kila mtu analipiga teke, nimelikatia sehemu nyuma ya kasha. Kwenye ubao wa kukalia nimechora mstari wa sentimita 50, sangara akilazwa hapo hakuna mabishano, aliye chini ya mstari ni kesi na sitaki.

Kwa jumla naipa 3 na nusu kwa 5, boti yenyewe ingepata 4, ile nusu wameikula wenyewe kwenye ile simu. Kwa mtu anayetega makila humu ndani mpaka maeneo ya Kayenze na visiwa vya karibu, na ana vijana watatu wanne, inafaa sana. Kwa dagaa inafaa ukiweka vyumba, japo wale wanaounganisha mitumbwi miwili kwa milunda, yani miti, wanatulia kuliko sisi wote na wametumia hela ndogo, hilo lazima niseme. Kwa mtu ambaye hana mashine ya uhakika au bado anategemea kasia, ng'wanawane, mwanangu, baki na mbao yako.

Nikiagiza nyingine nitataka futi 28 hizo hizo, upana nipunguze mpaka futi 5 na nusu hivi, mbele ichongwe zaidi, bolti zote vichwa vizame ndani, na sakafu isifungwe mpaka nije niione fomu kwa macho yangu. Ubao wa mashine nitalipa fundi wa Kirumba auweke yeye. Mashine nabaki na 15, siku nikianza kwenda mpaka kisiwa cha Goziba huko mbali ndio tutaongea habari za 40.